Mikono ya mtoto wa miaka 4

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 4 anapoteza wakati kwa kukata makaratasi na kufinyanga unga badala ya kuandika herufi. La, hapotezi. Vidole vinavyobana mkasi au kupishanisha miyaa ya ukili, yaani vipande vya majani ya kusukia mikeka, kama wafanyavyo nyanya zetu hapa Mombasa, ndivyo vitakavyoshika penseli baadaye, kwa sababu misuli midogo ya mkono hupata nguvu kwa kutumika. Jana mjukuu wangu alikuwa akisuka vipande vya kuti barazani. Kimoja kilipochomoka alinyamaza, akakitazama, kisha akakipitisha tena chini ya mwenzake, na hiyo ni subira na hesabu kwa pamoja. Mwulize, “Hapa umefanyaje?” apate maneno ya kueleza, wala usimsahihishie kazi yake.