Studio ikifilisika na kurudi na jina jipya: mambo ya kujua kabla hujasaini

Mgeni katika biashara ya filamu akisikia kwamba studio huru ya Marekani imefilisika kisha imerudi na jina jingine, hudhani ni kampuni ileile iliyobadili kibao. Mara nyingi sivyo. Kilichouzwa ni mali: maktaba ya filamu, haki za usambazaji, miradi ambayo haijakamilika. Madeni mengi huachwa kwa kampuni ya zamani, ambayo haina kitu tena. Kwa hiyo usihangaike na jina. Uliza nani amenunua mkataba wako, na kwa masharti gani.

The Weinstein Company iliomba kinga ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi, inayoilinda kampuni dhidi ya wadai ikijipanga upya au kuuza mali chini ya mahakama, huko Delaware mwezi Machi 2018. Lantern Capital ikanunua mali zake kwa takriban dola milioni 289, ikaanzisha Lantern Entertainment, na mwaka 2019 mali hizo zikaingia Spyglass Media Group. Open Road Films ilipita njia nyingine: ilibadili jina kwanza, ikawa Global Road mwaka 2017, ikafika mahakamani Septemba 2018, kisha mnunuzi, Raven Capital, akarudisha jina la Open Road. Jina lilizunguka likarudi palepale, lakini wenye mali walikuwa wengine.

Kesi ambayo kila mgeni anapaswa kuielewa ni ile kati ya Spyglass na mtayarishaji Bruce Cohen. Cohen alidai takriban dola 400,000 za gawio la faida ambalo halikulipwa kabla ya mauzo. Sheria inasema hivi: mnunuzi akichukua mkataba ambao pande zote mbili bado zina majukumu ya msingi, malimbikizo ya nyuma lazima yalipwe. Lakini Cohen alikuwa ameshamaliza kazi yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu ikaamua kwamba mkataba wa namna hiyo huuzwa kama mali nyingine yoyote, na mnunuzi anawajibika kwa yanayojitokeza baada ya mauzo tu. Maana yake ni chungu: aliyetimiza wajibu wake wote ndiye anayebaki akiidai kampuni iliyokufa.

Kinga yako basi iko kwenye mkataba, kabla ya matatizo. Sharti la "studio ikifilisika, haki zinarudi kwangu" ndilo wageni wengi hulitegemea, na kwa kawaida mahakama ya ufilisi hailikubali. Funga haki kwenye malipo: andika kwamba haki hazihami mpaka malipo yakamilike, au toa leseni ya muda badala ya kuuza moja kwa moja. Kama una nguvu ya kujadiliana, omba dhamana juu ya filamu yenyewe, yaani haki ya kuishika filamu usipolipwa, na uisajili. Kwa filamu ambayo hakimiliki yake imesajiliwa, usajili wa dhamana hufanywa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Wanasheria wengi hupeleka pia taarifa kwenye usajili wa jimbo, ili pasibaki pengo. Dhamana isiyosajiliwa haina nguvu ufilisi ukifika. Kwa gawio la mauzo, dai pesa zipite kwa msimamizi huru wa akaunti ya makusanyo, zigawanywe humo kabla ya kugusa akaunti ya studio. Angalia pia jina la kampuni inayosaini, kwa sababu studio nyingi huunda kampuni ndogo kwa kila filamu, na hiyo ndogo huenda haina chochote.

Dalili huonekana mapema. Taarifa za mapato zinachelewa robo baada ya robo, tarehe ya filamu kutoka inasogezwa mara kwa mara, bajeti ya matangazo inakatwa, watu wa uhasibu wanaondoka. Hapo ndipo pa kudai kwa maandishi na kutumia haki yako ya kuvunja mkataba, kama unayo. Studio ikishafungua kesi, mikono yako inafungwa: huwezi kudai kwa nguvu, kushtaki wala kuvunja mkataba bila ruhusa ya mahakama. Jua pia kwamba malipo uliyopokea ndani ya siku 90 kabla ya kesi yanaweza kudaiwa yarudishwe, kwa hiyo tunza ankara na kumbukumbu za jinsi mlivyokuwa mkilipana siku zote.

Kesi ikifunguliwa, tafuta orodha ya wadai. Ukikuta deni lako limewekewa alama kwamba linabishaniwa, au halipo kabisa, jaza fomu 410 ya uthibitisho wa dai, ambayo haina ada, ambatisha mkataba na ankara, uiwasilishe kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa.

Karatasi ambayo wageni huipuuza ni notisi ya mikataba itakayohamishiwa kwa mnunuzi. Huwa ni jedwali refu: jina lako, tarehe ya mkataba, na safu ya mwisho yenye kiasi cha kulipa malimbikizo. Mara nyingi hapo pameandikwa $0.00. Usipopinga ndani ya muda uliotajwa, hiyo sifuri inakuwa jibu la mahakama. Pinga kwa maandishi, taja kiasi chako na ushahidi wake.

Usisahau vifaa. Maabara isiyolipwa inaweza kuzuia diski zenye picha za awali na sauti, hata kama haki ni zako. Kuwa na barua ya maabara inayokuruhusu kuzifikia, na nakala kwenye kanda za LTO, kanda za sumaku za kuhifadhia data, mahali pengine. Mauzo yakithibitishwa, soma amri ya mahakama na mkataba wa mauzo, kisha umwandikie mnunuzi: namba ya mkataba wako, anwani ya malipo, na tarehe anayotakiwa kuanza kukupa taarifa za mapato.