Kabla Hujamlipa Fundi Akupigie Windows Mpya

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro aliniletea laptopu mpya, nailoni bado iko kwenye mfuniko. Programu yake ya hesabu za duka, aliyoitumia miaka na miaka, ilikuwa kwenye flashi. Kila akibofya faili la setapu, kinatokea kisanduku kumwambia kompyuta hiyo inapokea programu za Microsoft Store peke yake, yaani duka la programu la mtandaoni la Microsoft. Fundi wa kwanza alimwambia Windows imekufa, apigiwe nyingine kwa shilingi 40,000.

"Mwanangu, kitu hata wiki hakijamaliza, kimekufaje?"

Hakikufa. Laptopu ilikuwa kwenye S mode, utaratibu ulioanza na Windows 10 S mwaka 2017, na kompyuta nyingi za bei nafuu hutoka nao kiwandani. Kuuondoa ni bure. Unaingia Settings, unatafuta Activation, unafuata maandishi ya kwenda Store yaliyo chini ya kichwa cha kuhamia Home au Pro, unabofya Get. Usiguse sehemu ya Upgrade. Ile inauza Windows ya daraja la juu. Na ukishatoka S mode, huwezi kurudi tena. Nilimwashia hotispoti ya simu yangu, tukamaliza hapo hapo kaunta, na programu yake ikaingia.

Sisi tulioanza na CD tulizoea kwamba programu ni kitu unachokishika mkononi. Apple walifungua App Store ya iPhone Julai 2008, ya Mac Januari 2011, kisha Microsoft wakaja na duka lao kwenye Windows 8, Oktoba 2012. Siyapingi maduka haya. Nimesafisha laptopu nyingi mno za wanachuo waliotafuta VLC, programu ya kuchezea video, mtandaoni, wakakuta ukurasa una vitufe vitatu vya kupakua, wakabofya cha uongo, wakaondoka na virusi. VLC ichukue Store. Itajisasisha yenyewe, na ukiifuta inaondoka bila kuacha takataka.

Kinachoniuma ni akaunti. Ukinunua programu dukani humo, haki yako inakaa kwenye barua pepe. Sasa niambie, barua pepe ya kompyuta yako aliifungua nani? Wateja wangu wengi walifunguliwa na kijana wa dukani siku ya kununua, kwa namba yake ya simu, na nywila anaijua yeye. Kijana akihama mji, umepoteza programu uliyoilipia. Fungua akaunti mwenyewe, kwa namba yako, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu.

Mimi nami yamenikuta. Diski yangu ilikufa usiku nikiwa na kadi za harusi za kuchapa asubuhi. Programu za Store zote zilitaka intaneti ili zirudi, na bando lilikuwa limekwisha. Iliyoniokoa ni ile ya kuchorea niliyokuwa na setapu yake kwenye flashi. Niliiingiza saa nane usiku, na kadi zikatoka kwa wakati.

Tena duka lina mwenyewe, na mwenyewe huamua cha kuondoa. Mwaka 2019 Microsoft walifunga kitengo cha vitabu kwenye Store yao. Wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilitoweka kwenye vifaa vyao. Paint 3D, programu yao ya kuchorea, nayo iliondolewa dukani Novemba 2024. Waliokuwa nayo tayari waliendelea kuitumia, ila ukipiga Windows upya, huipati tena pale.

Kwa hiyo programu inayokulisha, iwe ya hesabu, ya kuchora au ya kuchapa, tafuta setapu kamili kwenye tovuti ya walioitengeneza. Angalia kama ni ile ndogo ambayo bado inahitaji intaneti wakati wa kuiingiza. Hiyo haitakufaa umeme na mtandao vikisumbua. Ihifadhi sehemu mbili, pamoja na namba ya leseni. Setapu ya kukraki, ile iliyovunjwa leseni, usiihesabu kabisa.

Yule mama nilimnakilia setapu yake kwenye flashi ya pili. Moja ameifunga kwenye funguo za duka, nyingine iko nyumbani, kwenye mkebe wa risiti.