Je, Meza ya Mpishi wa Kijapani Inaifaa Familia Yetu?

SWALI: Mshauri, pokea salamu kutoka Rau, Moshi. Mwezi wa saba, Mungu akipenda, tutasafiri kwenda Marekani kumtembelea mdogo wake mume wangu, ambaye anaishi Atlanta pamoja na mke wake. Shemeji amepanga kutupeleka Florida kwenye bustani ya burudani ya EPCOT, na ameahidi kutulipia chakula cha jioni katika mgahawa wa Kijapani ambao mpishi hupika mbele ya wageni juu ya bamba la chuma. Yeye anauita hibachi. Tutakuwa wanane: mimi na mume wangu, mama mkwe mwenye miaka 71, watoto wetu wa miaka 13, 6 na 2, pamoja na shemeji na mkewe. Binti yangu mkubwa anapenda mapishi na tangu asikie habari hiyo hana neno jingine mdomoni. Lakini mwaka jana tulipokuwa Tanga, huyu wa miaka 6 alikula kamba, midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele na sauti ikakauka, tukamkimbiza hospitali. Tena mama hali nyama isiyoiva sawasawa, wala hajazoea kula meza moja na watu asiowajua. Sipendi kumvunja moyo shemeji. Je, mgahawa wa namna hii unatufaa?
*Mama wa Watatu, Rau, Moshi*

JIBU: Mama wa Watatu, nianze na jibu lenyewe ili usiendelee kusoma ukiwa na wasiwasi. Mtoto aliyevimba midomo na kukauka sauti baada ya kula kamba asiketishwe kwenye meza ya bamba. Wengine katika familia yenu wanaweza kwenda, na mmoja wao, yaani binti yako mkubwa, ningesikitika sana kama angekosa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuigawa familia kwa saa moja na nusu hivi, kisha mkutane tena.

Nieleze kwanza mahali penyewe, kwa sababu uamuzi wote unatokana na jinsi meza ile ilivyo. EPCOT ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982, na sehemu yake moja ina mabanda ya nchi 11 yaliyolizunguka ziwa, ambapo wageni hutoka banda hadi banda kama tufanyavyo sisi kwenye viwanja vya Nane Nane pale Themi. Banda la Japani liko upande wa mbali wa ziwa, kati ya banda la Marekani na lile la Moroko. Linaendeshwa na kampuni ya Mitsukoshi, wafanyabiashara wa Kijapani ambao duka lao la kwanza lilianza mwaka 1673. Mgahawa anaousema shemeji yako bila shaka ni Teppan Edo, ulio ghorofani juu ya duka la kampuni hiyo. Kila meza hukaa watu wanane kulizunguka bamba, na kundi dogo huunganishwa na wageni wengine mpaka nafasi zijae. Mpishi husimama katikati na mwiko wake wa chuma na kisu, akakata vitunguu, uyoga, kuku, nyama ya ng'ombe au kamba kufuatana na alichoagiza kila mtu, na vyote huiva pale pale mbele ya macho yenu.

Upishi huu wa mbele ya wageni ulianzia katika mgahawa wa Misono mjini Kobe mwaka 1945, na Wamarekani wakaupenda zaidi baada ya Hiroaki Aoki kufungua Benihana mjini New York mwaka 1964, akiongeza madaha na michezo ya visu. Nayasema haya ili mjue mnachokilipia. Familia ya Kijapani haili hivyo nyumbani kila siku. Mnalipia chakula na maonyesho kwa pamoja, na maonyesho hayo yana moto, moshi, kelele za chuma na mvuke.

Mvuke huo ndio unaonifanya nikatae kuhusu mwanao. Kinachomdhuru mwenye mzio wa kamba ni protini zilizomo katika nyama ya kamba, na protini hizo haziondolewi na moto. Kamba wanapopikwa, sehemu yake hupanda hewani pamoja na mvuke, na ndiyo sababu wapo watu ambao hubanwa na kifua kwa kukaa tu karibu na mahali kamba wanapopikwa, bila kuonja chochote. Utasema kwamba mko wanane, kwa hiyo meza itakuwa yenu peke yenu na mnaweza kukubaliana kwamba hakuna atakayeagiza kamba. Ni wazo zuri, na kwa familia yenye tatizo dogo lingetosha. Lakini bamba lile lile limewahudumia wageni waliowatangulia, mwiko ni ule ule, na meza za jirani zinaendelea kupikiwa. Mgahawa unaweza kumpikia mtoto chakula chake jikoni pembeni, na ni haki yenu kuomba hivyo. Hata hivyo bado atakuwa anavuta hewa ya chumba kile. Katika nchi ya ugeni, mbali na daktari anayemfahamu, sioni kwa nini familia ijaribu jambo hilo.

Kabla ya safari mpelekeni kwa daktari, na ninyi mlio Moshi mna hospitali ya KCMC karibu. Mwelezeni yote yaliyotokea Tanga, hasa kukauka kwa sauti, kwa maana ni dalili kwamba uvimbe uliifikia koo. Muulizeni kama mtoto anapaswa kusafiri na sindano ya adrenalini, mfundishwe kuitumia ninyi wawili pamoja na shemeji, na muombe barua ya Kiingereza inayoeleza mzio wake. Msijipe moyo kwamba mara ya kwanza alipona. Shambulio la pili linaweza kuwa kali kuliko la kwanza.

Sasa habari ya shemeji. Ninaelewa uzito wake, kwa sababu mtu ametoa ahadi kwa moyo mweupe na mke wa kaka yake ndiye anayeonekana kuikataa. Neno hili alifikishe mume wako kwa mdogo wake, tena mapema, kabla nafasi haijawekwa. Amweleze habari ya hospitali kama ilivyokuwa, kisha ampe ombi badala ya kukataa: kwamba baba mdogo na mke wake wamchukue binti mkubwa, wakae naye mezani wao watatu. Shemeji atabaki na heshima ya kutimiza alichoahidi, na binti atakaa hatua chache tu kutoka mikono ya mpishi, jambo ambalo mtoto apendaye mapishi halipati katika kitabu. Watakaa na wageni wengine watano, na kwa msichana wa miaka 13 aliye na jamaa zake hilo halina ubaya wowote.

Ninyi wengine hamtalazimika kuliacha banda la Japani. Hapo hapo, bustanini, kuna Katsura Grill, mahali pa kuagiza dirishani na kubeba sahani hadi mezani, ambapo hupatikana vyakula kama kuku wa sosi ya teriyaki kwa wali na tambi nene za udon. Chakula hupikwa jikoni, watoto wanaweza kusimama na kuzunguka, na bibi atakula na watu wa nyumbani kwake tu. Hata hapo, Mama wa Watatu, usiache kuuliza: je, mafuta ya kukaangia yanatumika pia kwa kamba? Je, sosi ina chaza au samaki ndani yake? Migahawa ya bustani hizi imezoea maswali ya mzio, na wapo wa kuwajibu, mradi mseme kabla ya kuagiza. Mkishiba, mkitoka nje mnaweza kuwakuta wapiga ngoma za taiko karibu na mnara wa ghorofa tano, ambao umejengwa kwa kuiga ule wa hekalu la Horyu-ji huko Nara. Ngoma hizo hazina malipo ya ziada, na ninaamini wanao wadogo watazifurahia kuliko kukaa kimya mbele ya bamba.

Jambo moja dogo linasahaulika mno. Binti na wenzake watakapotoka ghorofani, ikiwa pale mezani kamba waliliwa, wanawe mikono na midomo kwa maji na sabuni kabla ya kumshika au kumbusu mdogo wao. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi. Huua vijidudu, lakini haiondoi protini za kamba.

Mtoto wa miaka 2 ningemwacha nje hata kama kaka yake asingekuwa na mzio. Bamba hufikia joto la zaidi ya nyuzi 200, na katika migahawa mingi ya aina hii mpishi hupanga vikuku vya kitunguu vikawa mnara, akamimina mafuta katikati na kuviwasha moto. Mtoto wa miaka 6 hushangilia. Wa miaka 2 ama hulia kwa hofu, ama hunyoosha mkono.

Kuhusu mama mkwe, hofu ya nyama mbichi ingekuwa rahisi kuiondoa, kwa kuwa hapa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mlaji huiona nyama yake kuanzia ikiwa nyekundu hadi inapoiva, na anaweza kumwambia mpishi airudishe kwenye moto. Uma na kijiko vipo kwa asiyeweza vijiti. Akibadili nia na kutaka kwenda na mjukuu wake, aende. Lipo lifti la kupandia ghorofani. Ila kulizunguka ziwa lile ni mwendo wa takribani kilomita 2, na Julai ya Florida ni joto kali lenye unyevu na mvua za radi za alasiri, tofauti kabisa na Julai yetu ya baridi chini ya mlima. Viti vya magurudumu hukodishwa langoni, na hakuna aibu mtu mzima kukalia kimoja.

Mwombeni shemeji pia ahamishe chakula hicho kutoka jioni kwenda mchana. Mwezi wa saba Florida iko nyuma yetu kwa saa saba. Wanapokaa mezani saa moja jioni, kwa mwili uliotoka Moshi siku chache zilizopita ni saa nane usiku. Saa sita mchana ya kule ni saa moja jioni ya nyumbani, wakati ambao watoto wenu wamezoea kula. Kama safari ya Florida itakuja baada ya wiki moja au zaidi ya kukaa Atlanta, miili itakuwa imeshazoea na hoja hii itapungua nguvu.

Nafasi huwekwa kwa intaneti kuanzia siku 60 kabla, na mkitaka kuifuta fanyeni hivyo saa mbili au zaidi kabla ya muda, kwa kuwa asiyefika hutozwa, kwa kawaida dola 10 kwa kila mtu.

SWALI: Mshauri, sisi tuko wanne, watoto wana miaka 9 na 12, na hakuna mwenye mzio wa chakula chochote. Tutakuwa huko huko Florida mwezi wa Desemba. Mimi ninautaka mgahawa huo wa bamba, lakini mke wangu anasema ni gharama kubwa kwa chakula ambacho tutakula tumebanana na watu wasiotuhusu. Twende au tuache?
*Baba wa Njiro, Arusha*

JIBU: Baba wa Njiro, nendeni. Watoto wa umri huo ndio hasa ambao meza hii inawafaa: wanaweza kukaa saa nzima, wanaelewa kwamba chuma kinaunguza, na watayakumbuka waliyoyaona. Watu wasiowahusu watakuwa wanne tu, na kwa kawaida macho ya wote huwa kwa mpishi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutafuta mazungumzo.

Juu ya gharama, mke wako yuko sahihi kuuliza, na mpigieni hesabu kamili badala ya kumwonyesha bei ya orodha ya vyakula. Chukua sahani ya nyama ya dola 40 kama mfano. Kodi ya mauzo ya eneo hilo ni asilimia 6.5, na mhudumu hupewa bahashishi ya asilimia 18 hadi 20, ambayo kwa kundi la watu sita au zaidi huongezwa moja kwa moja kwenye bili. Sahani hiyo itawagharimu karibu dola 50 kabla hamjanywa kitu. Tena huwezi kuufikia mgahawa bila tiketi ya bustani, na tiketi ya mtu mzima ya siku moja mara nyingi huzidi dola 100. Mtoto wa miaka 9 bado huhesabiwa mtoto kwa tiketi na kwa chakula. Akitimiza miaka 10 kabla ya safari, tiketi yake ni ya mtu mzima, kama ilivyo ya mwenzake wa miaka 12.

Kwa hiyo msile hapo ili mpate tu kushiba, maana wali na kuku wa bei ndogo zaidi vipo chini bustanini. Siku hiyo mlo mwingine uwe mwepesi, ili bajeti ya siku nzima isivunjike. Desemba, hasa siku za kuelekea Krismasi, wageni ni wengi sana, basi aanze kutafuta nafasi mara tu siku 60 zinapofika yule miongoni mwenu aliye mwepesi wa simu. Mkikuta mchana wote umejaa na imebaki saa mbili usiku, na ninyi mmefika jana yake, iacheni. Desemba tofauti ya saa huwa nane, na watoto wenu watakuwa mbele ya mpishi huyo katika saa ambayo Njiro ni saa kumi alfajiri.