Kwa aliyeuliza kuhusu gemu za anga za juu kwa ajili ya familia: majibu ya sebuleni kwangu, Bwiru

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo bado yuko chekechea, na kwamba umechoka kuwaamua kila jioni wanapogombania pedi kwenye gemu ya mpira. Umeuliza kama gemu za kurukaruka zenye mandhari ya anga za juu, yaani Super Mario Galaxy na Astro Bot, zinafaa kweli kwa familia nzima au uzuri wake ni wa rangi tu. Mimi ni mama wa familia, naishi Bwiru hapa Mwanza, na nyumbani kwangu Super Mario Galaxy imechezwa na watu wa kila umri, kuanzia mtoto asiyejua kusoma hadi mama mkwe wangu anapokuja kututembelea kutoka Ukerewe. Jibu langu ni kwamba zinafaa, na sababu kubwa ni namna zinavyompa kazi kila aliyekaa mbele ya runinga, hata yule asiyejua kucheza.

Kwa wasioifahamu, Super Mario Galaxy ilitolewa na kampuni ya Nintendo mwezi Novemba 2007 kwa ajili ya mashine ya Wii, ikiongozwa na Yoshiaki Koizumi. Ya pili ilifuata mwaka 2010, na tarehe 2 Oktoba 2025 zote mbili zilitolewa pamoja kwa ajili ya Nintendo Switch. Kisa chake ni chepesi: adui mkuu, Bowser, analing'oa kasri la Binti Mfalme Peach na kulipeleka angani, naye Mario, yule tunayemwendesha kwa pedi, anamfuata akiruka kutoka sayari moja hadi nyingine huku akikusanya nyota. Watoto wa Mwanza hawahitaji kuelezwa mchezo wa aina hii ni nini, kwa kuwa wamekua wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe na wanajua kuupima mruko kwa macho kabla mguu haujaondoka.

Kilichonivutia kwanza ni umbo la sayari zenyewe. Katika gemu nyingi za kurukaruka mchezaji mgeni anakufa kwa sababu ardhi inaisha, anaanguka shimoni, anaona aibu na kumrudishia mwenzake pedi. Katika Galaxy sayari nyingi ni mviringo na ndogo kiasi kwamba ukikimbia mbele bila kusimama unarudi pale ulipoanzia, na hata ukienda upande wa chini unatembea kichwa chini miguu juu bila kuanguka, kwa sababu mvutano wa sayari unakushika. Mara nyingi kamera inajipanga yenyewe, hivyo mtu hana haja ya kuhangaika na vitufe viwili kwa wakati mmoja. Mwanangu mdogo, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani, alizunguka sayari ya kwanza kwa raha zake mpaka akazoea, na hakuna aliyemharakisha. Siyo sehemu zote zilizo hivyo, kwa maana ziko nyingine zenye shimo jeusi chini yake linalomeza kila kinachoanguka, lakini mchezaji anazifikia akiwa tayari ameujua mwili wa Mario.

Udogo huo wa sayari una faida nyingine ambayo mzazi mwenye watoto wengi ataithamini sana. Kila kipande cha safari ni kifupi na kina mwisho unaoonekana: unatua, unatatua jambo moja, inatokea nyota ya kukurusha, na ukiingia ndani yake unapaa hadi sayari inayofuata. Kwa hiyo zamu za watoto zinajipanga zenyewe bila saa ya ukutani na bila mama kupaza sauti. Nyumbani tulikubaliana kwamba ukirushwa unakabidhi pedi, na wakati Mario anapaa hewani kuna nafasi ya kutosha ya pedi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwenye gemu ya mpira aliyefungwa anataka kurudia papo hapo ili asawazishe, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Huku mtoto anayesubiri anajua kwamba kipande hiki kinaisha sasa hivi na anayetoa pedi ametoka kushinda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa gemu hii. Galaxy ina utaratibu wa mchezaji msaidizi. Yeye hana mwili wake kwenye skrini, ana alama ndogo yenye umbo la nyota anayoisogeza kwa kuielekeza rimoti (pedi ya Wii) kwenye runinga. Kwa alama hiyo anakusanya vipande vya nyota vilivyotapakaa, anawapiga maadui kwa vipande hivyo, na baadhi yao anaweza kuwazuia wasitembee kwa kuwaelekezea alama na kubana kitufe. Hawezi kufa, na hawezi kuchelewesha safari kwa kutojua kwake. Vipande 50 vikitimia Mario anaongezewa uhai mmoja, kwa hiyo kazi ya msaidizi ina thamani inayohesabika.

Mama mkwe wangu alipopewa rimoti ya pili alisema macho yake hayawezi mambo hayo. Baada ya muda mfupi alikuwa amesogeza kiti mbele, anazoa vipande kila kona, na mwanangu wa kati alipokwama kwa kumwogopa adui aliyekuwa akienda na kurudi njiani, bibi yake alimwambia, "Pita, mume wangu, huyu nimemshika." Alikuwa amemshika kweli, yule adui anatetemeka palepale chini ya alama yake, na mtoto akapita. Sijaona gemu nyingine ambayo bibi na mjukuu wanacheza hatua ileile, kwa wakati uleule, kila mmoja kwa uwezo wake, bila mmoja kumsubiri au kumhurumia mwenzake.

Kuna tahadhari moja katika hilo. Msaidizi akimwelekezea Mario alama na kubonyeza kitufe, anaweza kumfanya aruke, na wawili wakibonyeza pamoja Mario anaruka juu zaidi ya kawaida. Watoto wakigundua uwezo huo, mmoja atamrusha Mario wa mwenzake makusudi aende shimoni. Sisi tuliweka sheria kwamba msaidizi anatamka "ruka" kwanza, kisha wanabonyeza wote, na tangu hapo mruko wa pamoja umekuwa kitu wanachoshangilia.

Jambo lingine ambalo wengi hawalitaji ni kile kitabu cha hadithi. Katikati ya safari Mario anarudi mara kwa mara kwenye kituo cha angani kinachoongozwa na Rosalina, mlezi wa viumbe wadogo wa nyota waitwao Luma. Humo kuna maktaba, na kadiri unavyosonga mbele ndivyo Rosalina anavyofungua sura mpya za kitabu chake. Ni kisa cha binti mdogo anayemkuta Luma akimsubiri mama yake, wakaondoka pamoja angani kumtafuta, mpaka siku moja binti mwenyewe anatambua kwamba mama yake aliyemwacha nyumbani hatamwona tena, kwa kuwa amelala chini ya mti kilimani. Unaweza kuimaliza gemu bila kusoma hata ukurasa mmoja, lakini nakusihi usiipite maktaba hiyo. Gemu haina Kiswahili, kwa hiyo mimi nilikuwa nawasimulia kwa Kiswahili huku kurasa zikifunguka, na ile sura ya mti wa kilimani ilizua maswali kuhusu babu yao marehemu ambayo hawakuwahi kuniuliza hapo kabla. Niliweka pedi chini tukazungumza. Ninaamini familia yoyote iliyopata msiba itaona kwamba waliotengeneza kitabu kile waliwaheshimu watoto.

Maswali ya sayansi nayo yanakuja, jiandae. Watoto wataona Mario haanguki upande wa chini wa sayari na watataka kujua kama ni kweli. Nimewaeleza kwamba mvutano unategemea uzito na ukubwa wa sayari, kwamba hata mwezini ni takriban moja ya sita tu ya ule wa hapa duniani, na kwamba kijisayari cha ukubwa wa nyumba kisingeweza kumshika mtu hata kidogo. Lakini jambo la msingi, kwamba "chini" ni kuelekea katikati ya sayari popote uliposimama, gemu inalionyesha sawasawa. Mwanangu mkubwa alilielewa siku hiyo kuliko alivyolielewa kwenye daftari. Na usiku wa giza la mwezi, ule ambao wavuvi wa dagaa wanautaka ili taa zao zivute samaki vizuri, anga la ufukweni kwetu linaonekana vizuri sana, kwa hiyo tumewahi kutoka nje na bibi akawaonyesha kundi la nyota liitwalo Kilimia.

Kuhusu mapungufu, sitakuficha. Hatua za kupanda taa majini, yule samaki mpana anayeendeshwa kwa kuinamisha rimoti, zinawashinda watoto wadogo na kuwakasirisha, na ni afadhali mtu mzima azishike. Kuna vimondo vinavyopita na kubadilisha masharti ya hatua, kimojawapo kikimwachia Mario uhai wa pigo moja tu. Vimondo hivyo mwachie yule wako wa darasa la sita. Habari njema ni kwamba huhitaji kuvimaliza vyote, kwani nyota 60 kati ya 120 zinatosha kukufikisha kwenye pambano la mwisho. Toleo la Switch lina pia hali ya usaidizi inayomwongezea Mario nguvu na kumrudisha anapotumbukia, nayo ndiyo ningeiwasha kwa yule wako wa chekechea.

Astro Bot nayo ni nzuri mno. Ilitengenezwa na Team Asobi ya Tokyo, ikatoka Septemba 2024 kwa ajili ya PlayStation 5, na Desemba mwaka huohuo ikatangazwa kuwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Chombo cha angani chenye umbo la PS5 kinashambuliwa, roboti wanatawanyika, na Astro anazunguka sayari kuwakusanya, jumla yao 300. Wengi wamevishwa sura za wahusika wa gemu za zamani, kwa hiyo baba aliyekulia kwenye vibanda vya PS atamtambua Kratos, shujaa wa God of War, kabla ya mtoto wake. Pedi inatetemeka tofauti Astro akikanyaga mchanga au kioo, na watoto wanapenda kuipitisha mkono kwa mkono ili kila mmoja ahisi. Astro anakufa kwa pigo moja, lakini anarudi karibu na alipofia na uhai wake hauna hesabu. Hata hivyo ni ya mchezaji mmoja. Mnaweza kupokezana, ila yule bibi kwenye kiti hana cha kufanya zaidi ya kutazama, na kwa swali ulilouliza, hiyo kwangu ndiyo tofauti inayoamua.

Ikiwa tayari mna PS5, fungua kwanza Astro's Playroom, ambayo imo ndani ya kila mashine bila malipo, uwaangalie watoto wanavyoipokea kabla hujanunua Astro Bot. Ikiwa bado hamna kitu, mimi ningenunua Switch na kadi yenye Galaxy zote mbili. Zinachezwa bila intaneti na hazimwombi mtoto hela ndani ya mchezo, na umeme ukikatika Switch inaendelea kwa betri yake. Epuka Switch Lite hata kama bei yake inakuvutia, kwa sababu haiunganishwi kwenye runinga, na bila runinga familia nzima haiwezi kukaa pamoja mbele ya gemu hii. Ukipata Wii iliyotumika kwa bei nafuu, hakikisha kwamba adapta yake siyo ya Marekani, kwani hiyo ni ya volti 120 na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utaiua. Hakikisha pia kwamba diski na mashine ni za ukanda mmoja, la sivyo diski haitasoma. Rimoti ya pili dai muuzaji akuwekee betri uijaribu palepale dukani, kwa maana hiyo ndiyo itakayokuwa mkononi mwa yule wa chekechea.