Maswali na Majibu: Kioo cha Mbele cha Gari Dogo la Zamani

SWALI: Fundi, habari za kazi? Lori lilirusha kokoto ikapiga kioo cha mbele cha gari langu, upande wa abiria. Imebaki alama kama nyota, haizidi ukucha wa kidole gumba. Je, inazibika au nijiandae kununua kioo kizima?

JIBU: Inazibika, ila usichelewe. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandanishwa na utando wa plastiki katikati, ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Kokoto ikipiga, mara nyingi huumia kioo cha nje peke yake. Pitisha ukucha upande wa ndani, mkabala na alama. Ukihisi mkwaruzo, vioo vyote viwili vimepasuka na kuziba hakutasaidia.

Vipimo vinavyofuatwa na mafundi wengi ni hivi: alama isizidi milimita 25, ufa usizidi sentimita 15, isiwe mbele ya macho ya dereva, wala isiwe ndani ya sentimita 5 kutoka ukingoni. Hata kazi nzuri huacha kivuli, na usiku mwanga wa gari linalokuja hutawanyika papo hapo. Ndiyo maana eneo la dereva haliguswi. Ukingoni nako ndiko kioo kinakobeba nguvu za bodi, kwa hiyo ufa wa huko hukimbia hata baada ya kuzibwa.

Kuanzia sasa hivi bandika utepe wa gundi unaoonyesha juu ya alama, na usilioshe gari mpaka kazi ifanyike. Maji, vumbi na sabuni vikishaingia ndani ya nyufa, resini, yaani gundi nyepesi ya kuzibia, haitashika. Kifaa cha kuzibia kina miguu ya kunyonya inayong'ang'ania kioo na kijibomba katikati. Kwanza kinavuta hewa kutoka ndani ya nyufa kwa dakika kadhaa, kisha kinasukuma resini, na mzunguko huo hurudiwa mpaka mistari ya nyota ipotee. Fanya hivyo kivulini, kwa sababu resini huganda kwa mionzi ya urujuanimno. Jua likiifikia mapema itaganda kabla ya kufika mwisho wa ufa. Baada ya kujaa, funika kwa kipande cha plastiki nyembamba, ndipo uiweke kwenye jua au chini ya taa yake. Ziada ikwangue kwa wembe ulioshikwa wima.

Kama kioo kimechomwa na jua, kiache kipoe chenyewe. Maji baridi juu ya kioo cha moto, au kiyoyozi kilichofunguliwa hadi mwisho, hugeuza alama ndogo kuwa ufa mrefu kwa sekunde chache. Kosa jingine ni kukaza mno skrubu ya kifaa hadi kioo kipasuke zaidi. Ukiona ukungu mweupe ndani ya mistari baada ya resini kuganda, unyevu au hewa ilibaki, na hapo hakuna marudio: resini mbovu ikishakauka haitoki.

SWALI: Ufa umetokea wenyewe usiku gari likiwa limeegeshwa. Umeanzia pembe ya chini na unapanda. Kioo hiki ni kipya, kilibadilishwa si zamani. Nidai nini kwa fundi?

JIBU: Kabla ya kudai, chunguza. Pitisha ncha ya kalamu taratibu juu ya ufa wote, hasa mwanzo wake. Ikizama kwenye kishimo, kioo kilipigwa. Ikiteleza mwanzo hadi mwisho, ufa huo ni wa mkazo, na chanzo chake karibu kila mara kiko kwenye fremu au kwenye ufungaji.

Katika magari ya zamani mshukiwa wa kwanza ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikikua chini ya gundi hukisukuma kioo sehemu moja huku kwingine kimeshikwa. Inua mpira wa pembeni karibu na mwanzo wa ufa na utazame kama rangi imevimba. Sababu nyingine ni ukingo uliogongwa wakati wa kufunga, kioo kilichokalia bati bila vipande vya kukitenga, au bodi iliyopinda baada ya ajali. Ukiweka kioo kingine kwenye fremu hiyohiyo bila kuirekebisha, utapata ufa mwingine palepale.

SWALI: Nataka kubadilisha mwenyewe kioo kilichobandikwa kwa gundi, gari la miaka ya 1990. Dukani wamenishauri silikoni kwa kuwa ni rahisi na haina haraka. Mnasemaje? Na gundi kiasi gani inatosha?

JIBU: Silikoni, hapana. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati. Haina nguvu ya kukishika kioo gari likipinduka, na mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika baadaye. Kioo hiki husaidia paa lisibonyee, na kwenye magari mengi yenye mfuko wa hewa wa abiria, mfuko huo hufunguka ukiegemea kioo. Kikichomoka, mfuko hauna pa kuegemea.

Nunua gundi ya poliyurethani iliyotengenezwa kwa ajili ya vioo vya magari, pamoja na praima yake (rangi ya msingi inayoifanya gundi ishike) ya kampuni hiyohiyo. Kiasi unaweza kukipiga hesabu. Mzunguko wa kioo cha gari dogo ni kama mita 4. Mstari wa gundi wenye umbo la pembetatu, upana milimita 10 na kimo milimita 14, una eneo la milimita 70 za mraba, yaani mililita 280 kwa mita 4. Mrija wa mililita 310 unatosha kwa shida, basi nunua miwili. Gundi ikikuishia njiani, utalazimika kuunganisha mstari ulioanza kukauka, na hapo ndipo maji yatapitia. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi: gundi hii huganda kwa unyevu wa hewa, na mrija wa zamani huanza kuganda ndani yake.

Kutoa kioo. Bandika vipande vya utepe kwenye kioo kuonyesha waipa zinapolala, kisha zitoe. Ondoa kava la plastiki chini ya kioo, plastiki za nguzo za pembeni na kioo cha kutazamia nyuma. Klipu za plastiki za gari la umri huo hukatika, nunua za akiba kabla. Kama waya wa redio umepita kwenye kioo, uchomoe. Funika dashibodi na boneti kwa mablanketi, vaa miwani na glavu. Toboa gundi kwa msumari mrefu, pitisha waya wa kukatia vioo, mmoja akae ndani na mwingine nje, mvute kwa zamu kama msumeno. Waya ulale upande wa kioo, usiegemee bati, kwa sababu kila mkwaruzo utakaouacha kwenye rangi ni kutu ya kesho. Waya hupata moto na kukatika, kwa hiyo uwe na mita kadhaa za ziada.

Fremu ndiyo inayostahili muda wako mwingi kuliko yote. Usiikwangue gundi ya zamani hadi kwenye rangi. Ipunguze kwa kisu kikali ibaki unene wa milimita 1 hadi 2, kwani gundi mpya hushika vizuri sana juu ya gundi ya zamani iliyokatwa sasa hivi. Ila kama ya zamani inabanduka kwa kidole, au aliyetangulia alitumia silikoni, ondoa yote. Palipokwaruzika hadi chuma kuonekana, paka praima. Penye kutu, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka praima ya epoksi ya mchanganyiko wa sehemu mbili, na usubiri ikauke kabisa kama kopo linavyoagiza, hata kama ni kulala hadi kesho. Rangi ya kawaida ya kupuliza haifai: gundi itaishika rangi, na rangi itabanduka kutoka kwenye bati. Bati lililotoboka linachomelewa. Kuziba tundu kwa gundi ni kuficha maradhi.

Sasa weka kioo kipya bila gundi. Kikalishe kwenye vile vipande vya chini vya kukitenga na bati, pima nafasi kushoto na kulia ziwe sawa, kisha bandika utepe kutoka kioo hadi paa na uukate katikati kwa wembe. Ukirudisha kioo chenye gundi, vipande hivyo vikikutana, kioo kiko mahali pake. Hatua hii hurukwa na wengi, na matokeo yake ni kioo kinachosukumwasukumwa huku gundi ikivurugika.

Safisha ukingo wa kioo kwa pombe ya isopropili, paka praima juu ya mkanda mweusi ulio kwenye ukingo huo, na usiuguse tena kwa vidole. Subiri muda ulioandikwa kwenye chupa. Mkanda huo mweusi huikinga gundi na jua, basi kioo kisicho nao kinahitaji praima nyeusi bila kukosa. Kata nozeli (mdomo wa mrija wa gundi) kwa umbo la V, anzia katikati ya upande wa chini, usianzie pembeni, na uende kwa mwendo mmoja mpaka urudi ulipoanzia. Kioo kiwekwe kabla gundi haijafanya ngozi. Jihesabie dakika 10, na penye joto na unyevu mwingi pungufu ya hapo. Mkibebe wawili, kwa vishikio vya kunyonya. Bonyeza kwa viganja mpaka kiwe sawa na paa; usikipige.

Acha dirisha moja wazi sentimita chache kwa siku nzima. Mlango ukifungwa kwa nguvu wakati madirisha yote yamefungwa, hewa hukisukuma kioo nje na kufungua njia ndogo kwenye gundi mbichi. Gundi ya kawaida hukauka kama milimita 3 hadi 4 kwa saa 24, kutoka nje kwenda ndani. Muda salama wa kuanza kuendesha umeandikwa kwenye mrija, kuanzia saa moja hadi siku nzima kutegemea aina ya gundi na hali ya hewa. Uheshimu, hasa kama gari lina mifuko ya hewa.

SWALI: Gari langu ni Volkswagen Golf ya mwaka 1981. Kioo kimeshikwa na raba, sioni gundi. Nacho nitumie utaratibu huo?

JIBU: Hapana, hapa raba ndiyo inayokishika kioo. Nunua raba mpya. Ya zamani imekauka na itavuja. Ikate kwa kisu kutoka nje, na kioo kitatoka bila vita. Safisha mdomo wa bati na uutibu kama una kutu.

Vika raba mpya kwenye kioo kwanza. Kisha zungusha kamba laini ya nailoni, unene milimita 4 hadi 5 na urefu kama mita 5, ndani ya mfereji wa raba utakaoingia kwenye bati. Ncha mbili zipishane katikati upande wa chini kwa sentimita 20 au zaidi. Lainisha kwa maji ya sabuni ya vyombo. Oili na grisi huvimbisha raba. Mwenzako akishikilia kioo kutoka nje, wewe ndani vuta ncha moja taratibu kuelekea katikati ya kioo, na ulimi wa raba utapanda juu ya bati. Yeye abonyeze kwa kiganja palepale kamba ilipofika. Pembeni pakigoma, ongeza maji ya sabuni, usiongeze nguvu, kwa kuwa vioo vingi hupasukia hapo. Magari mengine, kwa mfano Mini za zamani, yana utepe wa kukazia raba unaoingizwa mwisho kabisa. Bila utepe huo kioo hakijafungwa.

SWALI: Kila mvua ikinyesha zulia la mbele upande wa abiria linalowa. Fundi anataka kutoa kioo. Nikubali?

JIBU: Bado. Mwaga lita moja ya maji kwenye mfereji ulio chini ya kioo. Yasipotokea chini ya gari, njia za kutolea maji zimezibwa na majani, na yanafurikia ndani. Zulia likinukia utamu na kioo kikipata utando wa mafuta kwa ndani, huo ni uvujaji wa maji ya kupozea injini kutoka kwenye hita.

Hayo yakiwa sawa, toa plastiki za ndani na umwage maji kwa mpira usio na kasi, ukianzia chini ya kioo na kupanda, dakika 2 au 3 kila sehemu, mtu akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Gundi ikiwa imeachia eneo refu, kubali kioo kitolewe. Kupaka silikoni kwa nje huyafungia maji pamoja na bati.

SWALI: Mikwaruzo ya waipa inatoka kwa kupigwa polishi?

JIBU: Ile hafifu, ndiyo, kwa unga wa oksidi ya seriamu na pedi ya manyoya iliyolowa, bila kutulia sehemu moja. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, acha: utachimba bonde litakalopotosha picha ya barabara. Badilisha mipira ya waipa kwanza, vinginevyo mikwaruzo itarudi.

SWALI: Nimepata kioo kilichotumika. Nitajuaje kinafaa?

JIBU: Soma alama pembeni. Herufi E ndani ya duara ikiwa na namba huonyesha nchi iliyoidhinisha, kwa mfano 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, na 43R ni kanuni ya vioo vya magari. Vya Marekani huandikwa AS1. Kisha pitisha kidole chenye glavu kwenye ukingo wote. Kilichomeguka hata kidogo kiache, kitapasuka kikibandikwa. Kitazame dhidi ya jua uone vijishimo vya mchanga, na utazame mstari ulionyooka kupitia kwake huku ukisogeza kichwa. Mstari ukipinda eneo la dereva, usikichukue. Ukikinunua, kisafirishe kikiwa kimesimama wima juu ya blanketi, kisilazwe.