Saa sifuri kwanza: ushauri kwa anayeandaa utafiti wa wagonjwa wa dharura na mahututi

Tukipokea pendekezo la utafiti wa idara ya dharura au ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), hatuanzi na utangulizi wala mapitio ya machapisho. Tunatafuta sentensi moja: muda wa mgonjwa unaanza kuhesabiwa wapi, yaani saa sifuri yake ni ipi? Mara nyingi haimo. Mwandishi ameeleza kwamba anataka kujua kama kuchelewa kwa antibiotiki kunaongeza vifo vya sepsisi (maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vianze kushindwa kazi), halafu akarukia idadi ya wagonjwa na bajeti. Kuchelewa tangu lini?

Chukua mgonjwa mmoja. Amefika mapokezi 10:10, muuguzi wa triaji (anayepanga nani atibiwe kwanza) amempima 10:35, daktari amemwona 11:20, presha imesomeka 84/50 saa 11:50, na antibiotiki imeingia mshipani 12:30. Ukihesabu tangu afike, dawa imechelewa dakika 140. Tangu triaji ni 115, tangu daktari ni 70, tangu presha ishuke ni 40. Mgonjwa ni yuleyule na sindano ni ileile, lakini kwenye jedwali moja anaingia safu ya "zaidi ya saa mbili" na kwenye jingine "chini ya saa moja".

Usidhani tatizo hili litajisawazisha lenyewe wagonjwa wakiwa wengi. Anayefika hoi huonwa haraka, hutibiwa haraka, na pia hufa zaidi. Ambaye dalili zake hazieleweki huachwa kwenye benchi. Kwa hiyo takwimu ghafi zinaweza kuonyesha kwamba waliopewa dawa mapema ndio waliokufa kwa wingi, na mtafiti asiyejua idara inavyofanya kazi akaamini ameona madhara ya dawa.

Saa sifuri iwe tukio ambalo kila mgonjwa analipitia, linaloandikwa papo hapo, na lisilotegemea uamuzi wa watu unaowachunguza. Muda wa triaji kwa kawaida unatimiza yote matatu. Muda wa "utambuzi" mara nyingi hautimizi hata moja, maana daktari huandika faili baada ya kazi, kwa kukumbuka. Muda wa kuumia au wa dalili kuanza una thamani kubwa ukipatikana. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lenye majeruhi 20,211, lilihesabu tangu mtu alipoumia. Dawa ilikuwa asidi ya traneksamiki, inayopunguza kutokwa na damu, gramu 1 kwa dakika 10 kisha gramu 1 kwa saa 8. Kwa jumla vifo vilikuwa asilimia 14.5 dhidi ya 16.0 za kundi la ulinganisho. Uchambuzi uliofuata ndio uliotoa jambo kubwa zaidi: waliopewa ndani ya saa 3 walinufaika, na kwa waliopewa baada ya hapo vifo vya kutokwa na damu viliongezeka. Saa ingeanzishwa kwenye lango la hospitali, mpaka huo ungefifia.

Aliyekufa akisubiri ameingia kundi gani?

Hili ndilo kosa tunalokutana nalo zaidi kwenye tafiti za mafaili, na likishaingia kwenye jedwali hakuna hesabu ya kawaida inayolitoa. Swali huwa kama hili: kulazwa ICU kunapunguza vifo? Mtafiti anakusanya wagonjwa wote waliohitaji ICU, anawagawa kati ya waliolazwa na wasiolazwa, analinganisha. Waliolazwa wanaonekana kupona zaidi.

Ili uhesabiwe kati ya waliolazwa, ilibidi uwe hai mpaka kitanda kipatikane. Aliyekufa saa ya pili akiwa kwenye foleni ameandikwa upande wa wasiolazwa, ingawa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kitanda hichohicho. Saa za kusubiri za waliolazwa zimekuwa saa ambazo hakuna anayeweza kufa. ICU isiyofanya chochote ingeonekana inaokoa. Mtego huohuo umo kwenye kutobolewa koo ili mgonjwa apumulie, kulishwa kwa mpira, kupigwa picha ya CT, na "kumaliza dozi". Hili la mwisho ni baya kuliko yote, kwani maiti haimalizi dozi.

Njia rahisi ya kujinasua ni kuweka alama. Amua, kabla hujaona takwimu, kwamba unawagawa wagonjwa saa 6 baada ya triaji. Waliokufa kabla ya saa hiyo watoe kwenye ulinganisho na uwaripoti peke yao. Waliobaki wagawe kulingana na walipokuwa dakika ile, na asihamishwe mtu hata akipata kitanda saa ya saba. Gharama yake ni kwamba jibu lako linawahusu waliovuka saa 6 tu, na inabidi uliandike hilo waziwazi. Njia ya pili ni kila mgonjwa kuchangia muda wake upande wa wasiolazwa hadi dakika anapoingia ICU, kisha kuhamia upande wa pili. Hiyo inahitaji mtakwimu, na mtakwimu atakuuliza dakika kamili ya kuingia. Njia zote mbili hazitibu tatizo la nani alipendelewa kupewa kitanda, kwa hiyo andika sababu ya kila aliyenyimwa siku hiyohiyo.

Fomu, saa ya ukutani na kidole cha mgonjwa

Tumia mfumo wa saa 24. "Saa 2" iliyoandikwa bila zaidi inaweza kusomwa 02:00, 08:00, 14:00 au 20:00, na miezi mitatu baadaye hakuna wa kumuuliza. Saa ya monita, ya mashine ya kupima gesi za damu, ya kompyuta na ya ukutani hazilingani. Tofauti ya dakika 10 ni ya kawaida. Chagua simu moja iwe kipimo, kila Jumatatu linganisha vifaa vyote nayo, na andika tofauti kwenye daftari. Kwa dawa, muda wa daktari kuandika si muda wa dawa kuingia mwilini. Unaotaka ni wa pili, na anayeujua ni muuguzi aliyeitundika.

Kasi ya upumuaji ni kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote. Ihesabiwe sekunde 60 kamili. Anayehesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili hawezi kupata namba witiri. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne anapata 16, 20, 24, 28, basi. Sasa qSOFA, kipimo cha haraka cha alama za hatari kwa mwenye maambukizi, hutoa alama kuanzia pumzi 22 kwa dakika. Kwa mtu wa sekunde 15, namba 22 haipo duniani: mgonjwa wako ama ana 20 na amekosa alama, ama ana 24 na ameipata. Zipitie fomu 50 za majaribio, na ukiona hakuna hata witiri mmoja, rudi kafundishe upya kabla ya kuanza utafiti wenyewe.

Asilimia ya oksijeni kidoleni haina maana bila kiasi cha oksijeni anachopewa. 94 kwenye hewa ya kawaida na 94 kwenye lita 10 kwa dakika ni wagonjwa wawili tofauti. Mikono baridi na rangi ya kucha huvuruga usomaji. Kwenye ngozi nyeusi vifaa vingi husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo kigezo cha kuingia kwenye utafiti kinachotegemea namba hiyo peke yake kitawaacha nje watu waliopungukiwa. Laktati, asidi ya damuni inayopanda mwili ukizidiwa, nayo hupanda ndani ya chupa, kwa kuwa seli za damu zinaendelea kula sukari. Ipimwe ndani ya dakika 15, au itumie chupa yenye floraidi na iwekwe kwenye barafu.

Kwenye tafiti za mashine ya kupumulia, usikubali uzito wa kukadiria. Ujazo wa pumzi hukokotolewa kwa urefu. Mpime mgonjwa kwa utepe akiwa amelala chali, utosini hadi kisiginoni. Urefu huo unakupa uzito wa kukokotolea, kwa kilo: toa 152.4 kwenye urefu kwa sentimita, zidisha kwa 0.91, kisha jumlisha 50 kwa mwanamume au 45.5 kwa mwanamke. Mwanamume wa sentimita 170 anapata kilo 66, yaani pumzi ya mililita 396 kwa kiwango cha mililita 6 kwa kila kilo, hata kama mizani inasema kilo 95.

Idadi, usiku na ridhaa

Kugundua kushuka kwa vifo kutoka asilimia 40 hadi 20 kunahitaji wagonjwa kama 80 kila kundi, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo). Kutoka 30 hadi 25 kunahitaji takriban 1,250 kila kundi. Tiba zinazopunguza vifo kwa nusu ni adimu mno, ndiyo maana jaribio la hospitali moja lenye wagonjwa 150 na lengo la vifo huwa halijibu kitu. Kwa rasilimali hizo ni heri upime mchakato: dakika hadi dawa, idadi ya waliopimwa upya, usahihi wa triaji.

Mkusanya data anayefanya kazi 08:00 hadi 17:00 anakuletea wagonjwa wa mchana wenye madaktari wengi. Kama huna fedha za kukaa saa 24, wiki ina zamu 21 za saa nane. Chagua zamu kwa kura na ufuate kura hiyo hata ikiangukia Jumamosi usiku. Vifo vihesabiwe siku ya 28, si wakati wa kutoka hospitali, maana wapo wanaochukuliwa na ndugu wakiwa hoi na kuhesabiwa "wameruhusiwa". Chukua namba za simu mbili za watu wa nyumba tofauti, na uzipige palepale kuhakikisha zinaita.

Mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kutoa ridhaa, na ndugu aliyechanganyikiwa anaweza kusaini chochote. Kamati za maadili nyingi huruhusu ridhaa ya baadaye pale tiba isipoweza kusubiri, ila kwa masharti ambayo pendekezo lako lazima liyajibu: nani anaambiwa nini mwanzoni kwa maneno machache, ridhaa kamili inaombwa ndani ya saa ngapi, akikataa data zake zinafanywaje, na akifa kabla ya kuulizwa nani anazungumza na familia. Swali hilo la mwisho ndilo tunalolikuta limeachwa wazi.

Kama unajaribu tiba yenyewe, usilione kundi la ulinganisho, lisilopewa tiba hiyo, kama dhuluma kwa mgonjwa. FEAST, jaribio la mwaka 2011 lililohusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu nchini Kenya, Uganda na Tanzania, lilipima kuwapa maji mengi ya haraka mshipani, jambo ambalo miongozo mingi ililiona halina mjadala. Kufikia saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu), 10.5 ya waliopewa salaini (maji ya chumvi), na 7.3 ya wasiopewa maji hayo. Kamati huru ya usalama ilishauri usajili usimamishwe kabla ya idadi iliyopangwa kufikiwa. Iteue kamati yako kabla ya mgonjwa wa kwanza, na uandike itakutana baada ya vifo vingapi, tofauti ya kiasi gani inatosha kusimamisha, na nani mwenye ufunguo wa orodha ya makundi saa nane za usiku.