Mapenzi ya Land Rover huanzia mikononi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtu hupendaje gari la zamani hadi akaamua kulimiliki, wakati magari ya bei nafuu yamejaa mjini?" Naomba nijibu kwa gari moja tu, Land Rover ya Mwingereza, hasa ile ndefu ya 109. Namba hiyo ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Naishi Arusha, na huku kwetu gari hilo bado linabeba watu, maji na mbuzi.

Jibu langu ni kwamba mapenzi haya hayaanzii machoni. Walionunua Land Rover kwa kuvutiwa na sura yake nimewaona, na wengi wao haukupita mwaka wakaanza kumtafuta dalali. Wanaodumu nayo ni wale walioishika kwanza: utingo aliyekuwa akitumwa kila alfajiri kuangalia maji ya rejeta, kijana wa gereji aliyeshikishwa tochi fundi akiwa chini ya gari, dereva wa misheni aliyelala njiani kuelekea Loliondo akaamka na kulitengeneza mwenyewe. Siku mtu wa namna hiyo anapopata fedha, analifuata gari ambalo mikono yake inalijua kitambo.

Hilo linawezekana kwa sababu ya namna gari lilivyoundwa. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Akataka gari la Kiingereza la kazi hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba mchoro wa kwanza aliuchora mchangani, ufukweni Red Wharf Bay. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaoneshwa kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na dhiki. Chuma kilitolewa kwa mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright. Mitambo ya kukunja mabati ilikuwa ghali, kwa hiyo bodi ikawa bapa, kona zake zimenyooka. Hata rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilikuwa masalio ya rangi ya ndege za kivita.

Dhiki hiyo ya Waingereza ikawa faida kwetu. Bodi bapa hunyooshwa na fundi yeyote mwenye nyundo na gogo. Madigadi yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo ukigonga mti unafungua, unanyoosha, unarudisha. Aluminiamu hailiki na kutu kama bati la chuma. Chini ya boneti kuna nafasi ya kuingiza mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko bila kugusa kitu kingine. Injini ya lita 2.25 ilikaa kwenye magari haya miaka mingi, ya petroli toka toleo la pili lililoanza 1958, ya dizeli ikafuata miaka michache baadaye, hadi toleo la tatu lilipokoma 1985. Aliyejifunza kwenye gari la mwalimu wake mwaka 1965 aliweza kumfundisha mwanawe mwaka 1980 kwa maneno yaleyale. Ni magari machache sana yaliyowapa watu muda wa namna hiyo wa kuyazoea.

Nieleze kazi moja tu, ya pointi, ili asiyewahi kuifanya aone ninachosema. Injini ya petroli imeanza kukohoa, gari halina nguvu mlimani. Unafungua vibanio viwili vya kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, kwa kidole gumba. Ndani kuna rota, kile kipande kidogo kinachozunguka, unakichomoa. Hapo unaziona pointi zenyewe, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, na mara nyingi kimojawapo kimeota kidoa cheusi. Unapitisha msasa laini mara chache, unafuta vumbi. Kisha unazungusha injini taratibu mpaka pointi ziachane kabisa, unaangalia uwazi wake, uwe kama milimita 0.4. Fundi mwenye vifaa ana geji ya kupimia. Madereva wa porini walipima kwa kipande cha pakiti ya sigara. Unakaza skrubu, unarudisha kifuniko, unawasha. Injini inaitika papo hapo, na mlio wake umebadilika kwa sababu ya kitu ulichokifanya wewe. Kijana akishaonja hilo mara moja, huwezi kumrudisha nyuma. Gari limemwonesha ugonjwa wake na limemruhusu kuutibu.

Halafu kuna zile fimbo mbili ndogo za sakafuni, ya njano na nyekundu. Ya njano ukiibonyeza unapata fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Nyekundu ukiivuta nyuma, gari likiwa limesimama, unapata gia nzito za kupandia milima na kutokea kwenye tope. Watoto wa madereva huzijua kabla hawajajua kusoma.

Sitaki kuficha udhaifu wake, maana nao ni sehemu ya jibu. Zile 109 za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya kukata shafti za ekseli ya nyuma, hasa zikibeba mzigo mkubwa na dereva akiachia klachi kwa pupa. Lakini angalia gari lenyewe linavyokuokoa. Shafti ya nyuma ikikatika, gari linakosa mvuto na linabaki linanguruma tu. Unabonyeza ile fimbo ya njano, magurudumu ya mbele yanashika kazi, na unaondoka polepole hadi kwenye kijiji. Pale unafungua bolti sita za kwenye habu, unavuta shafti, unatoa kipande kilichobakia kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli, unaweka nyingine uliyoitunza nyuma ya kiti. Baadaye 109 zilifungwa ekseli nzito ya Salisbury na adha hiyo ikapungua sana. Madereva wazee bado wanatembea na shafti ya akiba hata hivyo, na mimi naona wana haki.

Kuhusu namna ya kulimiliki, wengi mnadhani watu huagiza magari haya toka Uingereza. Kwa sehemu kubwa sivyo. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Land Rover za zamani tulizonazo ni zile ambazo hazikuwahi kuondoka. Zilikuja mpya kwa serikali, mbuga za wanyama, misheni, mashamba ya kahawa na mkonge. Nyingine ziliunganishwa hapahapa Afrika Mashariki, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya pale Thika. Zilipochoka zikapigwa mnada, au zikaachwa juu ya mawe nyuma ya bohari, nyasi zikaota hadi kwenye usukani. Mmiliki wa leo huanzia hapo. Anauliza, anafuatilia, anambembeleza mwenye mali.

Na mwenye mali hauzi kwa kila mtu. Nilimsindikiza kijana mmoja hadi Karatu kwa mzee aliyekuwa na 109 ya petroli chini ya mwarobaini. Tulimwamkia, akaitikia, akatuacha tulizunguke gari bila kusema neno. Kisha akaingia ndani akatoka na hendeli, ule mchuma wa kuwashia injini kwa mkono kupitia tundu la bampa.

"Haya mwanangu, liwashe."

Kijana aliangalia kwanza kama gia iko huru. Akaingiza hendeli, akaishika na kidole gumba chake akakilaza upande mmoja na vidole vingine, hakukizungushia chuma. Hiyo ndiyo namna ya kuishika, kwa sababu injini ikirudisha nyuma kwa nguvu, gumba lililozunguka hendeli huvunjika. Akavuta kwenda juu, mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikawaka. Mzee alikuwa akiangalia lile gumba tu.

"Nani kakufundisha?"

"Mjomba, mzee. Alikuwa dereva wa shirika."

Palepale mzee akaanza kuzungumza bei, na bei ilikuwa ya kiungwana. Kabla yetu, alituambia, alikuwa amefukuza watu waliokuja na fedha zaidi. Alitaka gari liende kwa mtu atakayeliweka barabarani.

Mwenye nia ya kununua, asianze na rangi wala viti. Alale chini na nyundo ndogo. Bodi ni aluminiamu, lakini chesisi ni ya chuma, tena ni bomba la mraba lenye uwazi ndani, na kutu yake huanzia ndani kuja nje. Chesisi inaweza kupakwa rangi nyeusi ikang'aa huku imebaki ganda. Igonge kwa hatua fupi toka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti butu na mara nyingine nyundo inazama. Gonga zaidi pale pati za springi zinaposhikiliwa na kwenye boriti ya mwisho kabisa nyuma. Angalia pia ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, maana nao huliwa. Uingereza mtu huagiza chesisi mpya iliyopakwa zinki akajenga gari upya juu yake. Sisi tunachomelea, na kuna mafundi wa kuchomelea hapa Arusha wanaoirudisha chesisi hadi inakuwa imara kweli. Lakini ni kazi ya fedha na muda, ujue kabla hujakabidhi chochote.

Hewa ya chumvi ni adui wa chuma hicho. Naamini ndiyo maana Land Rover nyingi za zamani zilizo nzima utazikuta bara penye ukavu, Longido, Monduli, au Maralal kule Samburu nchini Kenya, ambako mji mzima unajulikana kwa Land Rover. Maralal hawazitunzi kama mapambo. Ndizo zinazopeleka watu na bidhaa Baragoi, kwenye njia zinazovunja magari mengine. Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, mamia kwa mamia yalipanga msururu barabarani, na mengi yalikuja yenyewe toka vijijini, vumbi bado liko kwenye vioo. Kilichonifurahisha siku ile ni mazungumzo. Watu wasiojuana walifunguliana boneti na kuulizana, "Umeweka injini gani?"

Swali hilo lina uzito. Wamiliki wengi wametoa ile injini ya Kiingereza wakaweka dizeli ya Isuzu, Nissan au Toyota. Ya petroli hunywa lita moja kwa kilomita tano au sita, na kwa bei ya mafuta ya sasa gari la kubeba abiria haliwezi kuishi hivyo. Wapo wanaosema gari la namna hiyo si Land Rover tena. Mimi sikubaliani nao. Gari linalompeleka mama mjamzito zahanati kwa injini ya Isuzu ni bora kuliko lililobaki halisi likiwa juu ya mawe. Ninachowaomba wamiliki ni kimoja: injini ya zamani msiiuze kwa skrepa. Ipakeni grisi, ifunikeni, iwekeni pembeni. Kuna siku mwenye 109 kama yako atahitaji kichwa cha injini au krenkishafti, na hataipata dukani.

Mwisho, kwa kijana atakayesoma haya akaamua kuanza kutafuta lake: omba kadi ya gari kabla ya kuomba bei. Soma namba ya injini na namba ya chesisi zilizoandikwa humo, kisha zitafute kwenye chuma chenyewe ukiwa na kitambaa na brashi ya waya, maana zimefunikwa na uchafu wa miaka. Injini ikiwa ilibadilishwa bila kuandikishwa, mwenye gari aende Mamlaka ya Mapato (TRA) akarekebishe taarifa zake kwanza, ndipo mwandikiane hati ya mauziano mbele ya mwanasheria.

Msomaji wenu, Arusha